Mkono wa Kushoto wa Kima

Umeme umekatika Ndendere, tunapasua kwa mwanga wa dirisha.
Meza ya kwanza: mkono wa mtu asiye na jina,
umelowa formoli tangu Pasaka.
Meza ya pili: kima, walinzi wa msitu wamemleta
ndani ya gunia la simenti.

"Nabintu," asema Bwana Kahasha, "hesabu tofauti.
Kufanana kutajihesabu kwenyewe."

Nahesabu.
Hapa kwapani pana msuli mwembamba kama ulimi wa kiatu,
watoka mgongoni, washika kiwiko;
kwa huo kima huuvuta mwili wake hadi tawi la juu.
Kwa mtu nimeutafuta. Umebaki utando tu,
mweupe, kama alama ya picha iliyoondolewa ukutani.
Gumba la mtu lina msuli wake na kano yake, linajitawala;
la kima limefungwa kamba moja na nduguze,
likikunjwa, wote wanapata habari.

Naandika kwa kalamu ya risasi. Wino hukimbia majimaji.

Kisha neva. Kubwa ni tatu, na njia ni zile zile:
hii yapita nyuma ya kiwiko, ile ukijigonga mlangoni
unacheka huku unalia;
hii ya katikati;
na hii yauzunguka mfupa wa juu
kama barabara inavyouzunguka mlima kwenda Kadutu.

Hapo, juu ya mfupa wa kima, makasi yangu yanasimama.
Kovu. Waya wa mtego uliingia hapa, nyama ikaufunika.
Chini yake neva imekonda, rangi ya uzi wa zamani,
na misuli ya kuinua kiganja imekuwa kama karatasi.
Kwa hiyo kiganja kilining'inia.
Aliyamenyaje matunda?

Murhula, kaka yangu, alianguka na pikipiki
kwenye mteremko, mwaka ule wa maporomoko.
Mfupa uliunga. Kiganja hakikuinuka.
Wakati wa kula hukibeba kwa mkono wa kulia,
hukiweka kando ya sahani
kama mtu anayemkalisha mgeni mzee.
Watoto wakiuliza, husema kimelala, msikiamshe.

"Umefika ngapi?" auliza Bwana Kahasha.
Nne, namjibu.
Simwambii kwamba nimeacha kuhesabu.
Nainua kiganja cha kima kwa vidole viwili.
Ni chepesi kuliko nilivyodhani. Nakiachia.
Nakiinua tena.