Laki Tisa na Nusu

Laki tisa na nusu, tugriki,
nimezikunja ndani ya soksi, soksi ndani ya buti,
buti ndani ya theluji ya Ulaanbaatar.
Ukipumua, pumzi inagandia kwenye nyusi.

Mwanangu Temuulen yuko Ansan, Korea,
anafunga milango ya friji zamu ya usiku,
mwaka wa tatu sasa.
Kwenye simu tumeishiwa.
Umekula? Nimekula.
Baridi? Ipo.
Kisha kimya, na kimya nacho kinakula salio.
Mpaka siku ile aliposema:
Mama, njoo kwenye gemu. Jumapili mimi huwa huko.

Basi nimekuja sokoni, mimi Handsuren,
miaka ishirini na sita kiwandani nachambua sufu ya mbuzi.
Vidole hivi hutambua unywele mzuri gizani.
Leo vinapapasa vitu visivyo na manyoya.

Pawasaplai, aliniandikia, hiyo nunua mpya.
Hapo usibane. Kwingine kote, bana.

Nikabana.
Prosesa, pana kama biskuti ya chai,
chini yake sindano zaidi ya elfu moja.
Moja imelala, nikamwambia kijana wa duka.
Akainua juu ya taa, akaguna.
Hii imekufa, mama, chukua kwa nusu bei.
Nikatoa kibano changu cha nyusi,
nikashusha pumzi,
nikaiinua ile sindano kama ninavyoinua
unywele mmoja mweusi kutoka fungu jeupe.
Akaijaribu. Ikawaka.
Alitaka kughairi bei. Nilimtazama tu.

Bandu bandu, soksi ikalegea.
Rami mbili za rangi tofauti, zisizo ndugu,
lakini zinaelewana, alisema.
Ubao mama,
ambao hauna nguvu wala kasi yake mwenyewe,
kazi yake kuwakutanisha wengine.
Huo sikuulizia sana. Nilitia mfukoni, karibu na kifua.

Kadi ya michoro ndiyo iliyonichosha.
Erdenechimeg, mwenye kibanda cha mwisho, aliapa
haijawahi kuchimba sarafu hata siku moja.
Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia:
mbuzi nimewanunua, nafunua midomo, nahesabu meno.
Nikazungusha feni kwa kidole. Ikayumba.
Nikanusa. Vumbi lililoungua.
Imefanya kazi usiku na mchana hii, nikasema,
kama mwanangu.
Akanyamaza. Akashusha elfu arobaini.
Tukanywa chai ya chumvi, akashusha kumi tena.

Kasha sikuwa na pesa yake.
Nililipata kwa jozi ya soksi za sufu, zile zile,
maana sasa zilikuwa tupu.
Lina bonde ubavuni, mtu aliwahi kulipiga teke.

Nyumbani nikakumbuka onyo lake:
usiwashe mara moja, vitu vya baridi hutoa jasho.
Nikavitandaza kwenye blanketi, mbali na jiko,
kama kondoo aliyezaliwa Februari usiku,
asiyetakiwa kupashwa moto haraka.
Saa tatu nilikaa navyo.
Skrubu moja imebaki. Mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi.

Jumapili.
Skrini ikawa nyeusi, nyeusi, nyeusi,
kisha feni ile inayoyumba ikaanza kukoroma
na pakawa na uwanda.
Nyasi zake mbaya, vipande vya kijani vimebandikwa,
laki tisa na nusu hainunui nyasi nzuri.
Kilimani alisimama mtu mwenye upinde.
Nilibonyeza vibaya, nikajigonga kwenye mti,
nikajigonga tena.
Kwenye masikio yangu, kicheko.
Mwaka wa tatu.
Mama, akasema, huo ni mti.
Najua, nikasema. Nausalimia.