Mnong'onezi

Jumamosi ya pili ya Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nje ya ukumbi magari yetu yamechomekwa kwenye umeme kama wagonjwa,
ndani kuna kahawa, soksi za sufu, na kabeji ya Lavonne kwenye sufuria.
Tumefika kumi na mmoja. Tulitarajia ishirini,
lakini barabara ya kaskazini imemezwa na theluji.

Mwalimu ametoka Regina, Roxanne Okemow,
siku moja na nusu: asubuhi waigizaji, mchana waongozaji,
kesho taa, kama tanuri la ukumbi halijafa.
Hakuleta kitabu. Alileta mpira wa tenisi.

"Vueni viatu."
Orest, daktari wa ng'ombe, kidole gumba kikachungulia tunduni,
akakikunja haraka.
"Hapo!" mwalimu akaruka. "Usiigize haya. Unayo tayari."

Tulitembea kama watu wenye deni,
kisha kama watu wanaodai.
Ajabu, miguu haikuhitaji kuelezwa.

Mchana ikawa zamu ya Gwenyth,
miaka kumi na tisa akituongoza kwa kelele kutoka safu ya tatu:
Kushoto! Kushoto kwako, jamani!
Akaambiwa aongoze kwa maswali matupu.
Alifungua mdomo, akaufunga.
Akaufungua tena. "Orest… unataka nini kwa huyu mwanamke?"
Orest akawaza vile anavyowaza mkono ukiwa ndani ya ng'ombe.
"Nataka aniombe nibaki."
Miezi miwili ya mazoezi,
na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mimi sipandi jukwaani.
Nakaa nyuma ya pazia na taa ya kusomea na maneno ya watu wote.
Mtu akikwama, namrushia neno kabla hajazama.
Kwenye zamu yangu, hakuna kimya kilichowahi kuhesabu tatu.

Roxanne akanipa zoezi langu:
"Kalia huo muswada."
Nikaukalia, kama kuku.

"Koti langu liko wapi?" Orest akasema.
"Pale ulipoliacha," Lavonne akajibu.
Halafu kimya.

Mstari uliofuata naujua kuliko nambari ya nyumba yangu.
Moja. Mbili. Nne.
Neno likanijaa mdomoni kama maji ya kusukutua.
Tanuri likakohoa. Theluji ikasugua bati.
Lavonne akainua kikombe kisicho na kitu, akanywa,
tukasikia koo lake likimeza hewa.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo,
hawakusema kingi ni kiasi gani.
Ni pumzi tisa. Nilizihesabu.

"Nimechoka kukuaga," Orest akasema,
na Gwenyth, safu ya tatu, akavua miwani.

Ndio mstari wenyewe. Niliupiga chapa mwenyewe,
nakala kumi na moja,
na sikuwahi kuusikia.

Baadaye, tukifunga buti, nikamnong'oneza: umefanyaje vile?
"Nilisahau," Orest akasema. "Nilisahau kabisa.
Nilikuwa nakungoja wewe."

Usiku nyumbani, viazi mezani.
Tangu kiharusi, Milt huyatafuta majina ya vitu
kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha mgeni,
nami humtangulia: kijiko, dirisha, Jumanne.
Ananishukuru. Huwa ananishukuru
akitazama pembeni.

Leo aliinua mkono, ukabaki hewani.
Nikakalia viganja vyangu.
Tatu. Saba. Mvuke wa kiazi ukaisha.
Kumi na mbili, na mimi nimeuma ulimi.

"Theluji," akasema.

Nikampa chumvi.
Akaitikisa juu ya kiazi, nyeupe, nyingi mno,
akaangalia alichofanya,
akaanza kucheka yeye kwanza.