Usije, Mama Ameanguka

Ng'ombe mmoja, jibini tatu rafuni, mama wa miaka themanini na moja:
ndiyo mali ya Zulmira kisiwani Faial,
pamoja na kazi ya kuunga nyuzi za kioo
nyembamba kama unywele.
Ukizikata vibaya, nuru inavuja.
Akizikata yeye, inapita.

Alfajiri mama kateleza kwenye ngazi za zizi.
Zulmira anamwandikia kaka yake, Liberato, aliyeko Fall River:
Mama ameanguka. Hajaumia. Ng'ombe amezaa. Usije.
Anabonyeza kwa kidole chenye harufu ya maziwa.

Maneno machache hivi yangeenea pakiti moja,
najua, usinisahihishe;
niache niyakate vipande vinne, upate kuona.
Kila kipande kina anwani mbili, kitokako na kiendako,
na namba mgongoni kama mchezaji wa mpira.
Havishikani mikono. Havingojani.
Penye njia panda mashine inasoma anwani tu,
haiulizi mama ni nani,
inasema: pita pale.
Ya mbele nayo inasema: pita pale.
Hakuna hata moja iijuayo safari nzima.

Kinatangulia cha nne: Usije.
Kisha cha kwanza: Mama ameanguka.
Kwa muda usiotosha kupepesa jicho
Liberato ana mama chini na dada asiyemtaka.
Cha tatu kinaingia, ng'ombe na uzazi wake.
Cha pili kimepotea, wala hakuna matanga;
kompyuta inahesabu, moja, tatu, nne,
inarudisha neno Faial: la pili sijalipata.
Linatumwa upya.
Ndipo vinapangwa, ndipo simu inatetema mfukoni,
na Liberato, foleni ya kahawa, anajibu:
Jike au dume?

Babu yao Herminio alikuwa karani wa telegrafu, mji huu huu wa Horta,
enzi ambazo waya za mataifa zilikutana hapa chini ya bahari
na kila neno lilikuwa na bei.
Mama yake alipokata roho, alilipia mawili kwenda Amerika:
Mama. Njoo.
Ndugu yake akaja kwa meli. Kaburi lilishaota nyasi.
Waya ulikuwa mmoja. Ukikatika, kimya.

Basi watu wakauchoka uzi mmoja, wakawaza wavu,
ili tundu moja lisimalize uvuvi.
Kalifornia, mwaka sitini na tisa, mashine ilijaribu kuiita nyenzake:
herufi mbili zikafika, ya tatu ikaangusha mtambo.
Ndivyo ulivyoanza, kwa kigugumizi.
Miaka ishirini ikapita kabla mtu karibu na Geneva
hajaufundisha ukurasa kunyoosha kidole
kuelekea ukurasa mwingine, popote ulipo.
Hiyo ni wavuti. Ilizaliwa ikakuta barabara zimeshalimwa.

"Yote ni intaneti," anasema mama, barafu gotini.
"Mama, barabara si soko."
"Na soko lisilo na barabara utauza kwa nani?"
Zulmira hana jibu. Juzi alimtafutia dawa ya goti;
tangu hapo kila ukurasa anaofungua
unamuuzia magoti.

Saa nne yuko kazini, ukungu umeufuta mlima wa Pico.
Anamenya uzi, anaufuta kwa spiriti, anaukata,
analaza ncha mbili zitazamane.
Cheche. Kioo kinayeyuka, kinakuwa kimoja.
Anapima upotevu: sifuri nukta sifuri mbili.
Anaandika daftarini.
Haoni kinachopita; macho hayana uwezo na nuru ile.
Huenda sasa hivi, chini ya kucha yake,
mtu anaambiwa njoo
na namba moja bado haijafika.

Anafunika kisanduku. Anaikumbuka simu yake.
Jike, anaandika.