Chemchemi ya Mama Nashipai

Lilipita usiku wa Jumanne, sekunde tisa hivi.
Vikombe viligongana kabatini, mbwa wa Sekei wakabweka,
mmoja akasema tetemeko, mwingine akasema lori,
wakageuza mito, wakalala.
Asubuhi redio ikatangaza: hakuna madhara.

Lakini kazi yangu mimi iko chini.
Nina nondo ya futi nne. Ncha naichomeka ardhini,
kichwa nakitia sikioni,
saa nane za usiku, magari yakishakoma.

Bomba halikatiki kiunoni, alinifundisha fundi Anaeli Kaaya,
hukatika shingoni.
Penye kiwiko. Penye kiungo cha risasi
alichokimimina mtu aliyekwisha kufa.
Pale udongo wa mtoni unapokutana na mwamba:
huu unacheza, ule unakataa,
na chuma kilicholala miaka sitini
kinatakiwa kiwaridhishe wote wawili, kwa sekunde tisa.

Kijenge Juu mifereji ilikohoa hewa.
Ndoo zilipangwa foleni tangu alfajiri.
Na bomba likikosa msukumo hunyonya:
maji yaliyorudi siku ya nne yalikuja na tope,
na unyasi mmoja.

Ndipo nikafika bondeni, kwa Mama Nashipai,
nyuma ya banda la ng'ombe.
Chemchemi!
Ameizungushia mawe. Mawe ameyasugua.
Migomba mitatu imeshatoa majani mapya,
na mchungaji wa usharika amekuja kuiombea.
"Mlima umenikumbuka," aliniambia,
"miaka kumi na moja nabeba kichwani."
Akanipa kata. Nikanywa.
Yalikuwa na klorini.

Sikusema neno. Nilichomeka nondo hatua sita kutoka pale,
nikasikia: shiii,
kama mtu anayemnyamazisha mwenzake.

Tulichimba siku mbili.
Kiungo kilikuwa kimechomoka upana wa kidole gumba.
Kidole gumba tu, na nusu ya Kijenge haikuoga.
Nikavisha kola mpya, nikakaza nati,
chemchemi ikapungua, ikawa tope, ikawa unyevu.

Hakulia. Aliuliza tu:
"Hili bomba limepita hapa tangu lini?"
"Tangu kabla hujaolewa, mama."
"Chini ya miguu yangu."
"Ndiyo."

Akaanza kuyang'oa mawe, moja moja.

Kwenye fomu kuna mstari wa madhara.
Niliandika: kiungo kimoja.
Nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa.