Machozi ya Dukani

Shangazi Mbeleje alipozikwa kule Mpwapwa
sikutoa hata tone.
Wanawake wakanitazama kwa pembeni:
huyu wa serikalini, moyo umekuwa simenti.
Kumbe moyo ulikuwa unalia,
macho ndiyo yaliyokauka
kama korongo la Septemba.

Miaka sita nilikuwa naingiza hati za viwanja, Mtumba:
kitalu, namba, mita za mraba,
jina la mmiliki, jina la aliyemnunulia.
Skrini juu ya paji langu,
dirisha mgongoni, jua limekaa kwenye kioo,
nami nachungulia katikati ya mng'ao
kama anayetafuta sindano ndani ya unga.

Sista Nghambi wa kliniki ya macho
hakunipa miwani.
"Kahesabu," akasema, "unapepesa mara ngapi."
Kesho yake nikahesabu. Dakika nzima,
mara tatu.
Nilimshinda maiti kwa tatu tu.

Akaniandikia matone. Duka la dawa, elfu tisa,
kichupa kidogo kuliko kidole gumba.
Mama alicheka hadi akakaa chini:
"Kwetu machozi hayajawahi kupungua.
Leo yanauzwa?"

Nimegeuza meza; dirisha sasa liko ubavuni.
Zile rejista za mwaka sabini na nane
zilizokuwa zikiinua skrini, nimezirudisha kabatini.
Feni haipulizi tena usoni.
Na kila nikimaliza hati tano nainua shingo,
natafuta kilima cha mawe ng'ambo ya barabara,
mbuzi weupe juu yake,
nawahesabu mpaka tarakimu zinitoke machoni.

Bwana Mhelela akanikuta:
"Unatazama nini huko nje?"
"Nakunywa dawa, bosi."
Alisimama. Macho yake nayo mekundu,
ya mtu wa ripoti za usiku.
"Saba," akasema baada ya kimya.
"Tisa. Mmoja yuko nyuma ya mchongoma."
Akakaza macho, akapepesa, akapepesa tena.
"Kweli," akasema, na hakuondoka upesi.

Siku hizi simu inalala kabatini, na sufuria.
Si kila usiku. Jumamosi hunishinda.

Juzi nakata kitunguu,
chozi likashuka lenyewe, la moto,
likafuatwa na jingine, na jingine,
mpaka kisu nikakiweka chini.
Mama akasema, "Vitunguu vya mwaka huu vikali."
Sikumbishia.