Rejista

Nilikutupa, mwalimu, saa tisa usiku,
kwenye tenga la mashuka ya wodi ya upasuaji.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu.
Nilisema kwa sauti, "Mwoga we!"
na mashine ya kukamua ikanijibu kwa mtetemo.

Tangu mwanzo sikukupenda.
Koti lako lenye mabaka ya wino, pombe unayoificha
kwenye chupa ya gundi, na ile tabia yako
ya kuwaita watoto "wananchi" kisha kukohoa.
Kila Jumatatu Wizara inakuletea maneno yaliyofutwa:
leo "shangazi", wiki ijayo "labda",
nawe unayasugua ubaoni kwa kiganja
hadi chaki inakuingia kwenye mistari ya mkono.
Usiku unalia. Sawa. Unalia.
Machozi ya mamba nayo ni maji, mwalimu,
ila hayajawahi kuzima moto.

Kisha wakaja kwa ajili ya Ilva,
yule wa dawati la dirishani, aliyeuliza
neno likifutwa, kitu chake huenda wapi.
Hawakukupiga. Hata kukutisha, hawakukutisha.
Walikupa rejista na kifutio,
ukafuta. Na mkono wako, mwandishi anasema,
haukutetemeka.

Hapo ndipo nilipokutupa.

Kulipokucha theluji ilikuwa imezifunika reli
za tramu iendayo Diósgyőr.
Nilikaa kituoni na soksi mbilimbili,
nikaikumbuka kalamu ya bluu ya Bwana Zsigmond wa utawala,
jinsi ilivyokuwa nyepesi.
"Piroska, wewe ndiye msimamizi, tia sahihi hapa tu."
Majina manne. La tatu, Etelka.
Miaka kumi na tisa tumekunja mashuka pamoja,
yeye pembe mbili, mimi pembe mbili,
tukikutana katikati kama watu wachezao dansi.
Mkono wangu?
Usiniulize.
Nyani haoni kundule;
mimi nililiona langu kwenye kioo cha tramu.

Jioni niliwahi kazini, nikachakura tengani.
Ulikuwa umelowa kona moja, unanuka klorini.
Nimekusoma hadi mwisho. Hukuwa shujaa.
Hata pale, kurasa tano kabla ya kufa,
ulipoliandika jina la yule mtoto chini ya dawati,
kwa msumari, upande usioonekana,
sikukusamehe. Ilva hakurudi.
Dawati lilipasuliwa kuni.

Kesho nakurudisha maktaba, siku nane nimechelewa,
na Bibi Ildikó atanitoza faini bila kuinua macho.
Hataona kwamba pembeni mwa ukurasa ule,
kwa penseli, kwa herufi ndogo,
nimeandika "Etelka".
Nilikandamiza mno. Alama yake imepenya
hadi ukurasa wa mia mbili na kumi na tano.

Namba yake ya simu ninayo pia.