Safu ya Maoni

Daftari lina safu nne: tarehe, saa, kimo cha maji, maoni.
Tatu za mwanzo ni za Dakta Kokushubira.
Ya nne aliniachia: "Jaza ukiona kitu."

Nimeona.

Aprili pili, saa tatu asubuhi. Mita mbili na sentimita kumi na nane.
Maoni: Wami umejaza mashavu, bado haujatema.

Akapiga simu kutoka Dar, anacheka.
"Mwanakheri, andika mvua. Andika gogo limekwama."
Haya. Aprili tatu: gogo limekwama.
Juu ya gogo kenge, anaitazama Matipwili
kama mtu aliyekuja kudai chake.

Kaka yangu Mfaume alikuwa akipalilia mpunga,
akaniona na penseli sikioni:
"Wanakulipa kuhesabu maji? Basi na mimi
nitafute wa kunilipa nihesabu kunguru."

Usiku wa kuamkia tarehe kumi na mbili mto ulitoka.
Haukutoka kwa ngurumo, kama unavyotoka redioni.
Ulitoka kama mwenye nyumba aliyerudi safari,
kimyakimya, anagusa vitu vyake:
mpunga wa Mfaume, choo cha shule,
na Mto Mfu, ule mkondo wa kale
ambao kila kiangazi tunapanda mihogo ndani yake
tukijifanya hatujui ni kitanda cha nani.

Kulipokucha kipimio hakikuonekana.
Chuma, saruji, namba, vyote chini.
Nami nina saa, nina daftari, nina safu tupu.
Nikachukua kisu, nikachanja mwimo wa mlango wa mama,
mwimo ule ule anapoandika madeni ya watu kwa mkaa:
Sudi, chumvi. Chausiku, mafuta ya taa.
Mfaume, mchele, mchele, mchele.
Saa kumi alasiri maji yalikuwa juu ya chanjo. Nikachanja tena.
Kesho yake, tena.
Mkaa haujui kuogelea. Madeni yote yalikwenda,
isipokuwa la juu kabisa, la mwenyekiti wa kijiji.

Mei, maji yalipoanza kurudi, wakaja
na nyavu za matundu madogo kama chandarua,
na chupa, na darubini ya miguu mitatu.
Dakta alivua viatu. Tope likammeza hadi magotini.
Akachota kwenye nyasi zilizofurika, akanifungulia kiganja:
vifaranga vya kambale, wembamba kama kope.
"Mto ukikaa nyumbani," alisema, "hawa hawazaliwi."

Mfaume alikuwa nyuma yetu, mikono kiunoni.
"Na mpunga wangu? Ulizaliwa, ukafa. Umeuandika?"

Hakujibu upesi. Nilimpendea hilo.

Wakapima tope: shambani kwa Mfaume, sentimita tisa.
Wakapima mwimo: chanjo yangu ya juu, mita tano na sita.
Mwanafunzi mmoja akagongomea kibati juu ya mlango: KITUO B.
Mama akauliza kama kituo hulipa kodi ya pango.

Sasa wilayani wanazungumzia tuta,
refu, la mawe, mto ubaki mtoni.
Kwenye mkutano Mfaume alinyoosha mkono wa kwanza.

Agosti nikamkuta Mto Mfu. Dimbwi limesinyaa, limekuwa la ukubwa wa darasa.
Begani ana kambale wanne kwenye ugwe,
kila mmoja urefu wa mkono wangu,
na nyuma yake, juu ya tope la sentimita tisa,
mahindi yamemfika kifuani.
Hatukusemezana habari za tuta.
Akanipa mmoja. "Huyu mwandike,
ila usiandike nilikomvulia."

Agosti kumi na tisa, saa tatu asubuhi. Sentimita sitini na mbili.
Maoni: Mfaume Pazi, mpunga, ekari moja na nusu, haikuvunwa.
Kambale, mmoja, aliliwa.
Deni la mchele mwimoni limefutika.
Mama analo kichwani.